Wakisema "Ni Mafuta Machafu", Waombe Waandike

Mdogo wangu wa Makambako, barua yako nimeisoma na kuirudia. Lori jipya mmelinunua wewe na kaka yako kwa mkopo wa benki. Waranti bado haijaisha. Linatoka Dar na shehena ya saruji, linapanda Kitonga, taa inawaka kwenye dashibodi, injini inakosa nguvu, inazima na haiwaki tena. Mkalivuta mpaka Dar, kwenye karakana ya hao hao waliowauzia. Mkasubiri wiki baada ya wiki, mwisho ikaja simu fupi: pampu imekufa, nozo zote zimekufa, chanzo ni mafuta machafu, waranti haihusiki, tayarisheni pesa. Unaniuliza kama kuna la kufanya au muuze kiwanja mlipe.

Kiwanja msiuze. Tuongee kwanza.

Hiyo simu si uamuzi. Ni maneno ya mtu wa karakana, na kesho akihama kazi hakuna atakayekumbuka alisema nini. Uamuzi wa kukataa waranti unatakiwa uwe karatasi yenye tarehe, jina la aliyeamua, kipengele cha kitabu cha waranti alichokitumia, na ushahidi aliouegemea. Mpaka hiyo karatasi iwe mkononi mwako, usilipe chochote, usisaini fomu ya kukubali matengenezo kwa gharama zenu, na usiruhusu injini iendelee kufunguliwa bila wewe au fundi unayemwamini kuwa pale. Leo hii, kabla hujalala, mtumie ujumbe huyo aliyekupigia: "Kama ulivyonieleza kwa simu leo, dai letu limekataliwa kwa sababu ya mafuta machafu. Naomba uthibitishe." Akijibu ndiyo, umepata maandishi ya kwanza. Asipojibu, ujumbe wako wenyewe unabaki kuwa kumbukumbu.

Sasa tuingie kwenye injini. Najua wengi wetu, hasa sisi wanawake wenye magari ya biashara, tukisikia pampu na nozo tunawaachia mafundi waseme kila kitu. Ndipo tunaposhindwa. Jambo lenyewe linaeleweka.

Injini za dizeli za kisasa zina pampu ya presha kubwa inayosukuma dizeli kwenye bomba moja la pamoja linalogawa mafuta kwa nozo zote. Presha humo hupita bar 1,600, na injini nyingine hufika 2,000 na zaidi. Tairi la lori lako lina kama bar 8 tu. Pampu nyingi za aina hiyo hazilainishwi na oili ya injini. Zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ikiwa na maji, au ikichanganywa na mafuta ya taa, utelezi unapungua, chuma kinasugua chuma, na unga wa chuma unasafiri mpaka kwenye nozo na kuziharibu zote kwa mkupuo. Kwa hiyo waliyokwambia yanawezekana kabisa. Sitakudanganya kwamba wanakuonea kwa vyovyote.

Lakini sikiliza sehemu ambayo hawakukwambia. Pampu yenye kasoro ya kiwandani nayo ikisagika hutoa unga ule ule wa chuma, nao husafiri njia ile ile na kuua nozo zile zile. Wakikufungulia filta na kukuonyesha unga unang'aa, wamekuonyesha kwamba pampu imesagika. Hawajakuonyesha kwa nini imesagika. Swali lako la kwanza kwao, uliulize kwa upole na usiliachie, ni hili: dizeli iliyokuwa kwenye tenki mliipima wapi?

Swali hilo peke yake limebadilisha mazungumzo mengi. Mara nyingi hakuna kipimo kilichofanyika. Fundi alitazama, akanusa, akasema ni chafu. Kutazama na kunusa kunaweza kumpa fundi wasiwasi wa haki, lakini hakutoshi kukunyima mamilioni. Kama dizeli bado iko kwenye tenki, nenda na fundi wako na shahidi mmoja, mchukue sampuli mbele yao: moja kutoka chini ya tenki, nyingine kutoka kwenye filta ya kutenganisha maji. Kila sampuli igawanywe kwenye vyombo vitatu safi vya kioo au vya chuma, vyenye kifuniko kinachobana. Chupa za soda na za maji hazifai. Kila chombo kifungwe kwa lakiri, kiandikwe tarehe, saa, namba ya gari na mahali sampuli ilipotolewa, na pande zote mbili zisaini juu yake. Kimoja wabaki nacho wao, kimoja ubaki nacho wewe, cha tatu kiende maabara. Shirika la Viwango, TBS, wana maabara ya mafuta ya petroli. Ulizia gharama na utaratibu wao kabla ya kupeleka.

Ukifika maabara, usiombe kipimo cha vinasaba peke yake. Vinasaba husaidia kubaini kama mafuta yamechakachuliwa au yamekwepa kodi, lakini havikwambii kama kuna maji au uchafu. Omba wapime maji, mashapo, uzito wa mafuta kwa ujazo wake, na joto ambalo mvuke wake unashika moto. Dizeli iliyotiwa mafuta ya taa hushika moto kwenye joto la chini kuliko dizeli halisi, na kipimo hicho ni vigumu kubishana nacho.

Kama walishamwaga dizeli yote, basi hilo nalo liandike: nani alimwaga, lini, kwa idhini ya nani. Aliyeuharibu ushahidi ambao yeye mwenyewe anadai unamsaidia ana kazi kubwa ya kujieleza.

Kuna pia habari ya kutu. Watu wa waranti wanapenda sana picha ya kutu ndani ya pampu, kwa sababu kutu huashiria maji. Ni hoja nzito, lakini uliza picha ilipigwa lini. Pampu iliyofunguliwa ikaachwa mezani Dar es Salaam, kwenye hewa ile ya bahari yenye unyevunyevu, inaweza kuanza kuota kutu yenyewe kabla mwezi haujaisha. Picha yenye maana ni ile iliyopigwa siku ya kufungua. Wakwambie siku hiyo ilikuwa ipi, na kwa nini hamkuitwa.

Usisahau kompyuta ya injini. Lori lako linahifadhi hitilafu zilizojitokeza, na malori mengi huandika pia hali ya injini wakati hitilafu inatokea: joto, presha ya mafuta, mwendo, kilomita. Taa ya maji kwenye mafuta, kama ipo kwenye gari lako, nayo huacha alama. Omba yachapishwe yote kabla hawajafuta, na kama lina kifaa cha kufuatilia safari, vuta taarifa za siku hiyo kutoka kwa kampuni inayokuhudumia.

Sasa hapa naomba tuongee kama dada na mdogo wake. Mkalishe dereva. Usimtishie kazi, usimwite mwizi, maana ukimtisha atakupa hadithi ya kukuridhisha na utaipeleka mbele ya watu wanaojua gari kuliko wewe. Mwulize alijaza wapi, mara ya mwisho na ile ya kabla yake. Mwulize kama taa iliwaka kabla ya Kitonga akaendelea. Mwulize, kwa sauti ya kawaida, kama kulikuwa na dumu la barabarani. Sote tunajua dizeli inavyonyonywa kwenye matenki na kuuzwa kando ya njia kuu, na tunajua pengo linavyozibwa. Kama jibu ni ndiyo, bora ulijue wewe kwanza. Hapo dai lako linabadilika: hutaomba tena walipe kila kitu, utaomba wakusaidie. Omba vifaa kwa bei ya chini, omba ufundi usitozwe, omba mtengenezaji achangie kwa hisani kwa kuwa gari bado ni jipya. Misaada hiyo ipo, na hupewa mteja aliyekuja na ukweli kwa urahisi kuliko aliyekuja na uongo ukakamatwa.

Kama jibu ni hapana, na una risiti za EFD za vituo vinavyoeleweka, unasimama pazuri. Risiti ina kituo, tarehe, saa na lita. Ulinganishe na kifaa cha kufuatilia safari uonyeshe gari lilisimama pale kweli. Tafuta pia wenye malori waliojaza kituo hicho hicho siku hiyo hiyo. Kama magari yao yanapiga kazi, waombe waandike mistari michache na kusaini.

Na kama maabara ikisema mafuta yalikuwa mabaya kweli, hapo usiondoke umeinamisha kichwa. Mdaiwa wako sasa ni kituo kilichokuuzia. Uchakachuaji tunaujua: ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ianze mpango wa vinasaba mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuyachanganya na dizeli. Wakenya nao mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Malalamiko dhidi ya kituo yapelekwe EWURA, pamoja na risiti na taarifa ile ile ya maabara. Ndiyo maana nasisitiza sampuli: itakufaa upande wowote itakaoangukia.

Akitokea wa kukwambia kwamba mafuta ya nchi hii yote ni mabovu na injini yao haiwezi, mwambie kwa heshima kwamba lori aliliuza hapa. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na kuna viwango vinavyosimamiwa. Muuzaji aliyekuuzia gari la kufanya kazi Tanzania alijua litakunywa dizeli halali ya Tanzania. Sampuli yako ikifaulu viwango, hoja ya mafuta imekwisha.

Sababu nyingine za kukataa nizipitie haraka, kwa ajili ya wengine mnaosoma. Wakisema mlichelewa sevisi, angalieni mlichelewa kwa kilomita ngapi, kisha muwaulize kuchelewa huko kumeharibuje kifaa hiki kilichoharibika. Oili iliyochelewa kubadilishwa inaweza kuua beringi na tabo; kuihusisha na nozo iliyosagwa na unga wa chuma kunahitaji maelezo. Wakisema fundi wa mtaani aligusa, leteni risiti ya alichogusa. Wakisema vumbi liliingia kwenye injini, ombeni oili ipimwe, maana vumbi huonekana maabara kama silikoni. Wakisema mlizidisha mzigo, tafuteni karatasi za mizani. Tangu Machi 2019 Tanzania inatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, na lori lililopita mizani ya Vigwaza likaruhusiwa kuendelea lina ushahidi wa uzito wake uliotolewa na mtu asiye ndugu yako. Watu huzitupa karatasi hizo wakifika nyumbani. Zitunzeni.

Rudi kwangu, mdogo wangu, tuandike barua. Iwe fupi, isiyo na matusi wala machozi. Machozi nileteeni mimi. Kwao andika hivi:

YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA DAI LA WARANTI, LORI NAMBA ...

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Lori letu lilizimika katika mlima Kitonga tarehe ..., likiwa na kilomita ..., na likapokelewa katika karakana yenu tarehe .... Tarehe ... tuliarifiwa kwa simu kwamba dai letu limekataliwa kwa sababu ya mafuta machafu. Hatukubaliani na uamuzi huo.

Tunaomba mtupatie kwa maandishi, ndani ya siku 14, kipengele cha waranti mlichokitumia. Taarifa ya maabara ya mafuta mliyoyapima, ikionyesha yalichukuliwa wapi, lini na nani. Picha za pampu na nozo zilizopigwa wakati wa kufungua. Na nakala ya kumbukumbu zote za kompyuta ya injini. Vifaa vyote vilivyotolewa vitunzwe kama vilivyo na visipelekwe popote bila kutuarifu. Tunaomba pia tarehe ya ukaguzi wa pamoja, ambapo tutakuja na mhandisi wetu.

Nakala kwa: benki, na mwakilishi wa mtengenezaji.

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako, kisha urudi nayo nyumbani. Mtu wa mapokezi akikataa kugonga muhuri, itume kwa barua pepe na kwa huduma ya kusafirisha vifurushi inayotoa stakabadhi.

Huyo mhandisi niliyemtaja si mapambo. Tafuta aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au uliza Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, ambako masomo ya magari yanafundishwa. Ripoti ya mtu huru, iliyosainiwa, yenye picha na vipimo, ina uzito ambao maneno ya fundi wako mzuri wa Makambako hayatakuwa nao, hata kama anaijua injini zaidi. Ni gharama, ndiyo. Ilinganishe na bei ya pampu na nozo zote uone.

Benki nimeitaja kwa makusudi. Kama kadi ya gari bado ina jina lao, hilo lori ni dhamana yao pia, na lori lililolala haliwalipi. Nenda ofisini na barua yako, omba marejesho yasogezwe, na omba nao wamwandikie muuzaji. Barua yenye nembo ya benki inayowapelekea wateja wengine wa magari husomwa na meneja, si na karani. Nenda kabla hujakosa rejesho la kwanza. Ukienda baada ya kukosa, unaongea nao kama mdaiwa.

Siku 14 zikipita kimya, panda juu. Kuna mwakilishi wa mtengenezaji kwa nchi au kwa kanda, na mara nyingi hao ndio wenye pesa ya waranti. Karakana inawadai wao. Kuna Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia pia malalamiko ya walaji chini ya sheria ya mwaka 2003. Kuna wakili wa kuandika notisi ya madai. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa anayouza mfanyabiashara wa bidhaa hizo inapaswa kuwa na ubora wa kuuzika na kufaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi, kwa hiyo kitabu cha waranti si haki yako pekee. Soma kama mkataba wenu una kifungu cha usuluhishi, maana huenda mnapaswa kuanzia huko. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini usiutumie huo kama mto wa kulalia: vifaa hupotea, mashahidi huhama, na ukikaa na gari muda mrefu unaweza kupoteza haki ya kulirudisha, ukabaki na haki ya kudai fidia tu.

Wasomaji wa Kenya, ninyi mna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo kwa kesi zisizozidi shilingi milioni moja, inayotakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Matengenezo ya nozo na pampu mara nyingi hutosha humo. Na kaka zetu mnaoendesha Marekani: sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inawalinda wenye pikapu ya dizeli ya matumizi ya nyumbani, na inamkataza mtoa waranti kukulazimisha utumie vipuri vya chapa yake pekee, isipokuwa akikupa bure au awe na kibali maalumu. Trela la kazi halimo. Huko mtasimama na mkataba wenu na sheria ya jimbo.

Kuna jambo moja ambalo najua litakujia, kwa sababu marejesho hayangoji: utashawishika kulipa tu lori litoke lifanye kazi. Si dhambi. Sheria yenyewe inakutaka usiache hasara ikue bila kufanya lolote. Lakini ukilipa, lipa kwa kupinga. Juu ya ankara, kabla ya kusaini, andika kwa mkono wako: "Nalipa ili gari lifanye kazi. Sikubali sababu ya kukataliwa kwa waranti, na ninahifadhi haki yangu ya kudai." Piga picha. Chukua pampu ya zamani na nozo zote za zamani, zifungwe mbele yako, zisiguswe wala kuoshwa. Fundi akikwambia ni vyuma chakavu atakusaidia kuvitupa, mshukuru, kisha vipakie kwenye gari.

Anza pia daftari la hasara: kila safari iliyoghairiwa na jina la mteja, gharama ya kuvuta lori, nauli zako za Dar, siku alizokaa dereva bila kazi. Vitabu vingi vya waranti husema hawalipi faida iliyopotea. Waache waseme. Kwenye meza ya mazungumzo, mwenye daftari lenye tarehe ndiye anayepunguziwa bili.

Barua yao ya majibu ikifika, ipige picha unitumie, pamoja na ukurasa wa kitabu cha waranti walioutaja. Usikate hata kona ya ukurasa, maana masharti yenyewe huwa yamekaa kwenye maandishi madogo ya chini. Tutausoma pamoja kabla hujajibu neno.